Tuliolewa bila barafu

"Sisi tuliolewa bila barafu, mwanangu, na watoto tumezaa," akasema shangazi wa bwana harusi.

Kikao kizima cha harusi kikaangua kicheko. Hata mweka hazina, ambaye ndiye aliyenituma nikapige hesabu za barafu ya vinywaji, alicheka mpaka akavua miwani. Tangu Jumapili maneno hayo yananizunguka kichwani. Mdogo wetu kajifungua salama, na mimi nipo jikoni naosha masufuria huku nikimjibu shangazi huyo majibu ambayo pale kikaoni sikuyatoa.

Sherehe ni Kigamboni, Dar es Salaam, uwanjani, Jumamosi ya mwisho ya Desemba, wageni 300. Nilichokieleza ni hiki. Kwa joto la mwezi huo, mtu mmoja mkadirie soda mbili na chupa mbili za maji za nusu lita. Soda ya chupa ni mililita 350, kwa hiyo kichwa kimoja ni lita 1.7, na watu 300 ni lita 510. Kinywaji kilichoshinda kwenye nyuzi joto 30, ukitaka kukishusha hadi 5, kila lita inakula takriban theluthi moja ya kilo ya barafu. Hapo hujahesabu joto la pipa lenyewe, joto la hewa, wala yule kijana wa vinywaji anayeacha kifuniko wazi. Ndiyo maana wa kazi hii huweka nusu kilo kwa lita. Inakuja 255, andika 260.

"Kilo mia mbili na sitini za maji?"

"Za barafu, shangazi."

"Ikiyeyuka si maji?"

Halafu ndiyo ikaja ile ya kuolewa.

Ikiyeyuka ni maji, ndiyo, na kuyeyuka huko ndiko kunakopoza! Hili ndilo ninalolirudia kila usiku. Barafu peke yake kwenye pipa, bila maji, inaigusa chupa sehemu mbili tatu tu, kwingine kote ni hewa. Maji yanaikumbatia chupa nzima. Kwa hiyo panga chupa, mwaga barafu iliyopondwa, ongeza maji mpaka shingoni mwa chupa, tupia viganja viwili vya chumvi, koroga. Ndani ya nusu saa soda imepoa. Wanaokwenda kumwaga yale maji kila baada ya muda wakidhani wanatunza barafu wanamwaga baridi yote chini. Yamwage tu yakizidi na chupa zikaanza kuelea.

Na mabonge ya barafu ya Feri, soko la samaki, ni ya kupozea samaki. Yanafaa kwa pipa, hayaingii kwenye glasi ya mtu hata kidogo. Ya juisi igandishwe kwa maji ya kunywa, ikae kwenye chombo chake chenye kijiko chake. Bonge lisipondwe sokoni. Likiwa zima, sehemu inayoguswa na hewa ni ndogo, linafika likiwa na uzito. Lizungushie magunia na maranda ya mbao, turubai juu, kwani foleni ya kivuko Jumamosi mnaijua.

Haya yote ningeyasema. Nikasema tu, "Sawa, shangazi."

Jana nilikaa kuchora hema litakavyokaa. Wakati huo kaskazi inavuma, kwa hiyo kuta za upande wa kaskazini mashariki zikunjwe zote, na jiko likae kusini magharibi, moshi usirudi kwa wageni. Meza kuu isitazame magharibi, maana jua linazama kama saa 12 na dakika 40 na maharusi watakunja nyuso kwenye kila picha. Nikafika kwenye ratiba. Kadi inasema saa 12 jioni. Wageni, kama kawaida yetu, saa 2. Chakula, kwa mpango wa MC, saa 4 usiku. Pilau limeshuka motoni saa 11 jioni.

Nikaweka kalamu chini. Harusi ya shangazi ilikuwaje hasa? Ndoa baada ya swala, watu wamo, sinia zinatoka sufuria ikiwa bado inafuka. Maji kwenye mitungi chini ya kivuli. Kahawa na halua, na halua kwa ile sukari yake inakaa siku nyingi bila kuharibika. Asumini zilichumwa alasiri zikiwa bado zimefumba, zikahifadhiwa kwenye kitambaa chenye unyevu, zikafungwa vikuba pamoja na rehani, zikafunguka usiku zikiwa tayari kifuani kwa mtu. Hakukuwa na kitu kinachongoja. Barafu yangu, nikiitazama vizuri, sehemu kubwa inalipia saa nne za kungoja.

Soda haina jinsi, itapozwa. Mengine nimeyapangua. Kadi zitasema saa 1 usiku, chakula saa 3 kamili, hotuba baadaye (MC kanuna, atazoea). Kwa kuwa kuna ndizi na chapati, kilo moja ya mchele naihesabia watu wanane. Kilo 40 zinatosha na akiba kidogo. Ila si sufuria moja. Ukijaza kilo 40 pamoja, chini inakuwa bokoboko na juu kuna punje mbichi. Sufuria nne za kilo kumi: mbili ziingie kwenye makaa, juu na chini, saa 1 na nusu, mbili saa 2 na robo, zifunguliwe za kwanza zikiwa zinakwisha. Viazi sitii, vinatangulia kuchacha. Mchuzi wa nazi ushuke mwisho kabisa. Kitunguu cha kachumbari kioshwe kwa chumvi mapema, lakini nyanya na ndimu zikutane nacho mezani. Chakula kisichokaa moto zaidi ya nyuzi 60 kinatakiwa kiliwe ndani ya saa mbili, na hewa ikipita nyuzi 32, saa moja. Wali uliokaa vuguvugu ndio mbaya zaidi, maana bakteria wake wanaacha sumu ambayo kuupasha moto tena hakuiondoi.

Keki nayo. Krimu ya siagi huanza kulegea hata kabla ya nyuzi 30. Aliyeoka atie mafuta magumu ya mboga kwa sehemu, ladha ipungue kidogo kuliko ghorofa ya juu iteleze mbele za watu. Ya fondanti isilale kwenye friji: ukiitoa kwenye hewa yenye unyevu inatoka jasho na rangi zinachuruzika. Ikae chumba chenye kiyoyozi, ghorofa zipandishwe palepale uwanjani.

Nikamwandikia: "Shikamoo shangazi. Vikuba tunaomba usimamie wewe."

"Marahaba mwanangu. Asumini zifike kabla ya magharibi, na nyuzi za pamba, si za nailoni. Zinakata shina."

Kuhusu barafu, kimya. Sijui kama kanisamehe, au hakujua kama kuna cha kusamehe. Nimemwambia mweka hazina abakishe 260 zile zile.

Sasa pampu ya kupandisha maji tangini imeanza kusumbua. Ukiwasha inaunguruma, haivuti. Kama ni kapasita ni kazi ya dakika kumi, kama ni waya za mota zimeungua ni mota nyingine, na mzazi na mtoto wanatoka hospitali kesho wanakuja hapa hapa. Tangi liko robo. Fundi tangu asubuhi anasema yuko njiani.