Sebule Yetu Ilivyokuwa Darasa

Machi 2020 serikali ya Kenya ilipofunga shule, wanangu walikuwa Gredi ya 2 na PP1, yaani mwaka wa kwanza wa elimu ya awali. Nilidhani ni mapumziko ya wiki mbili tatu. Oktoba walirudishwa shuleni wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 peke yao. Wangu walirudi Januari 2021. Sisi twaishi Tudor, Mombasa, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Chumba cha kusomea tungekitoa wapi?

Nilianza vibaya, nilianza na mapambo. Nilinunua chati za herufi, za matunda, za wanyama, nikajaza ukuta mzima wa sebule. Kwa joto na unyevu wetu wa pwani selotepu haikukaa, zikawa zaanguka moja moja. Zilizobaki, mdogo hakuzisoma hata siku moja. Asubuhi moja nilipiga magoti pale anapokaa, nikatazama ukutani. Nilikuwa nimezitundika kwa kimo changu mimi! Ili azione ilimbidi avunje shingo.

Nikazitoa zote. Nikafunga kamba kutoka nondo za dirisha hadi kitasa cha kabati, usawa wa kifua chake, na kwa vibanio vya nguo nikatundika vitu vitatu tu, vya wiki ile. Mwenye nyumba hataki misumari, na hapo haukuhitajika hata mmoja.

Meza ndiyo iliyonisumbua zaidi. Niliwaketisha upande mmoja wa meza ya kulia, migongo kwa televisheni, nikaona nimepanga vizuri. Ugomvi kutwa. Mkubwa huandika kwa mkono wa kulia, mdogo ni mashoto, kwa hivyo viwiko vyagongana. Tena mwanga wa dirisha ulitoka kushoto: kwa mkubwa ulikuwa sawa, lakini kwa mdogo kivuli cha mkono kiliangukia pale pale anapoandika. Kumbe ndiyo sababu alikuwa akiinamia daftari mpaka pua iguse! Nikawaketisha wakitazamana, kichwa cha meza kikiwa dirishani. Mkubwa akapata mwanga kushoto, mdogo kulia, na viwiko vikaachana. Nilitamani ningelijua hilo kabla ya kununua chati.

Vitabu tulitia kwenye kreti mbili za soda zilizolazwa ubavu, kila mtu na yake, leso kuukuu ikiwa pazia. Ubao ni kipande cha plaiwudi alichokipaka baba yao rangi nyeusi, tukakiegemeza ukutani, chini, wauandikie wenyewe. Redio ilikaa juu ya friji, kwa vipindi vya masomo vya KICD, taasisi ya kukuza mitaala, vilivyorushwa na KBC, shirika la utangazaji la taifa. Saa sita na nusu kila kitu hurudi ndani ya kreti, kwa kuwa meza ile ile ndiyo ya wali.

Shule zilifunguliwa, lakini masomo ya jioni na ya likizo bado ni hapo. Kamba ingali dirishani. Nimeshaipandisha mara mbili.