Simu ya profesa
Jana nimeangalia Oleanna, tamthilia ya David Mamet ya 1992, na usingizi umegoma. Jukwaani wapo wawili tu: John, profesa anayengoja ajira ya kudumu na yuko mbioni kununua nyumba, na Carol, mwanafunzi anayeogopa kufeli. Simu inalia, profesa anapokea, binti anabaki na daftari lake. Inalia tena. Hapo nikajiona mwenyewe, nimekalia ukingo wa kiti ofisini kwa mhadhiri wangu, nikingoja amalizane na fundi wake wa paa. Carol alipopeleka malalamiko dhidi ya profesa na mizani ikapinduka, nilifurahi, sitadanganya. Mpaka John alipomnyanyulia kiti kama anayetaka kumpiga. Jirani yangu akapiga makofi. Mikono yangu ilikuwa mapajani.