Jinsi nilivyokutanisha ngoma nne kwenye jukwaa moja, Katuba

Tangu usiku ule wa ngoma tuliouandaa hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini ya Katuba, watu wananiuliza swali lile lile: uliwezaje kuwaweka Wabemba, Wachokwe, Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai jukwaa moja, na wakaagana wakipeana mikono? Naandika nilivyofanya, kwa kuwa najua wapo wengine wenye nia hiyo na hawajui waanzie wapi.

Mji huu ulianza mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na migodi ya shaba ndiyo iliyoujaza watu. Union Minière, kampuni ya migodi, ilichukua wafanyakazi Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, hadi Rwanda na Burundi. Kila mtu alikuja na ngoma yake. Hata beni ya pwani, ile ya gwaride na vyeo vya kijeshi, ilifika huku ikachezwa na wafanyakazi. Kwa hiyo ngoma kukaa jirani si jambo jipya kwetu. Lakini vilevile, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, familia nzima zikalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Wazee wa pande zote mbili wanakumbuka, na anayeandaa ngoma mjini hapa lazima aende akilijua hilo.

Ndiyo maana sikutuma barua. Nilikwenda kwa kila mzee nyumbani kwake, jioni, na chupa ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, mkononi. Habari ya kundi gani lipewe dakika ngapi sikuigusa. Niliuliza: "Papa, ngoma yenu inahitaji nini ili ichezwe inavyopaswa?" Majibu yao ndiyo yaliyopanga kila kitu.

Mzee wa Wabemba alisema moto. Julai usiku hapa ni baridi, umande unashuka, na ngozi ya ngoma inalegea. "Ngoma ya baridi haiseme, mwanangu," aliniambia. Alitaka moto wa majani makavu karibu na wapigaji, ili wapashe ngozi kila baada ya wimbo. Ndani ya sale, yaani ukumbi, ya parokia moto haukuwezekana, basi tukatoka uani. Hapo tukapata faida ambayo sikuitegemea: udongo. Mchezaji mwenye njuga miguuni akikanyaga mbao, kishindo cha mbao kinafunika njuga. Akikanyaga udongo, njuga zinasikika moja moja. Jukwaa letu likawa uwanja uliofagiwa, wenye majamvi pande tatu.

Wachokwe walitaka chumba chenye mlango wao peke yao. Anayevaa kinyago hatakiwi kujulikana, na Mwana Pwo, kinyago cha mwanamke kijana, kinachezwa na mwanamume. Wanawake na watoto hawatakiwi kuona kikivaliwa. Tuliwapa stoo, tukatundika majamvi kutoka mlangoni hadi uwanjani, na vijana wao wenyewe wakalinda. Mimi ni mwanamke, sikukaribia na sikuuliza. Yapo mambo ambayo mwandalizi anatakiwa kuyapa nafasi tu, basi.

Kazi kubwa ilikuwa ufunguzi. Waluba wa Katanga wana ngoma ya gogo lililochimbwa, isiyo na ngozi, ambayo zamani ilipeleka habari kijiji hadi kijiji, kwa sababu sauti zake za juu na za chini zinafuata kupanda na kushuka kwa maneno ya Kiluba. Mzee wao alisema: "Sisi ndio wenye nyumba, sisi tutawakaribisha wageni." Nilipofikisha neno hilo kwa mzee wa Kasai, alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye alizaliwa komini ya Kenya, baba yake alichimba shaba ya mji huu, na si mgeni wa mtu.

Sikutaka kupeleka maneno huku na huku. Niliwaalika wote wawili nyumbani kwetu, mama akapika bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, tukala kwanza. Halafu nikaliweka jambo mezani lilivyo, mbele yao. Walisema mengi, mengine makali, na mwaka 1992 ulitajwa. Sikuwakatiza. Mwishowe mzee wa Katanga mwenyewe ndiye aliyetafuta njia: gogo halitakaribisha mtu, litaita tu, na litaita kila kundi kwa jina la sifa ambalo kundi lenyewe limelichagua.

Basi mpiga gogo akaja, wakakaa naye uani kwetu. Mzee wa Kasai anatamka sifa ya ukoo wao kwa Kiluba cha Kasai, polepole, na yule kijana anaitafuta kwa fimbo. Akikosea, mzee anatikisa kichwa na kurudia. Lugha hizo mbili ni ndugu lakini hazifanani, na kijana alitoka jasho. Ilipopatikana, mzee alijipiga paja, akaitika kwa sauti mbele ya yule mwenzake wa Katanga. Nilijua kwamba usiku wetu utafanikiwa.

Baada ya hapo mpangilio ulikuwa rahisi. Gogo lilifungua, kwa kuwa linahitaji utulivu. Yakafuata madimba ya Kasai, yaani marimba ya vibao na vibuyu, nayo hayataki kelele. Fundi wa sauti alisimamisha maikrofoni juu ya vibao. Mpigaji alipiga magoti, akaishusha hadi usawa wa vibuyu. Kila kibuyu kina tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa ule mvumo unaokufanya uijue madimba ukiwa mbali. "Weka sikio hapa, yaya," alimwambia, yaani kaka. Fundi akaweka sikio, akaelewa, na baadaye akaziondoa mwenyewe maikrofoni za ngoma kubwa. Kisha wakaja Wabemba na moto wao, kisha vinyago. Mutuashi, ngoma ya kucheza ya Kasai, niliiweka mwisho kabisa, maana ikishaanza hakuna anayekubali kukaa tena. Mwimbaji Tshala Muana, aliyeitembeza dunia nzima, alizaliwa mji huu huu mwaka 1958, na kina mama wa Katuba wanamhesabu kuwa wao.

Sharti langu lilikuwa moja: hakuna kundi linalocheza na kuondoka. Wote wanabaki kwenye majamvi mpaka mwisho, wakiwaangalia wenzao. Mama mmoja wa Kasai aliposimama kughani kasala, shairi la sifa, akitaja mababu mmoja baada ya mwingine, aliyetangulia kwenda kumtuza noti mkononi alikuwa mpiga ngoma wa Wabemba.

Kamati ilitaka tumalizie kwa wimbo mmoja wa makundi yote pamoja. Nilikataa, na bado nakataa. Kila ngoma ina mwendo wake, na ukizipiga nne kwa pamoja bila miezi ya mazoezi unapata kelele inayomdhulumu kila mmoja. Kuheshimiana ni kusikiliza hadi zamu yako ifike.

Fedha nazo zisemwe wazi. Kiingilio kililipa kwanza nauli ya kila kundi kulingana na linakotoka, kilichobaki kikagawanywa sawa kwa nne bila kujali wingi wa watu, na hesabu ilisomwa kwa sauti pale pale, kabla mtu hajapanda minibasi.

Sasa Wasanga, kabila jingine la Katanga, wameomba nafasi. Nimeshamtembelea mzee wao, na swali nimeuliza lile lile. Anataka wapewe uwanja mchana, jua likiwa bado lipo, kwa hiyo tunaanza kuhesabu upya saa za kila kundi, na mzee wa Wabemba anasema mchana hatahitaji kuni nyingi.