Kabla hujalaumu shokapu, pima mzigo

Land Cruiser HZJ78 iliyogeuzwa kuwa nyumba ya safari, hema juu ya keria, friji na kitanda nyuma, ikianza kuyumba wengi hukimbilia kubadili shokapu. Mimi nasema anza na mizani. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, gari likiwa limejaa mafuta, maji na watu.

Hema la kukunja lina kilo 50 hadi 75. Ongeza keria yenyewe, spea tairi na madumu mawili ya dizeli ya lita 20, na paa limeshabeba zaidi ya kilo 150. Ukikata usukani ghafla kumkwepa mbuzi, uzito huo wa juu ndio unaolaza gari. Hema libaki juu. Madumu na spea vishuke.

Spea ukiining'iniza nyuma, jua inachofanya. Kilo 100 zikikaa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari hili lenye karibu mita 3 kati ya ekseli, huondoa kilo 33 hivi magurudumu ya mbele na kuzihamishia nyuma, kwa hiyo ekseli ya nyuma inabeba 133. Usukani unakuwa mwepesi, na basi likipishana nawe gari linatangatanga. Maji ni kilo 1 kwa lita: yaweke sakafuni, nyuma tu ya siti za mbele. Madumu manne ya lita 20 ni afadhali kuliko tangi moja kubwa lisilo na vizuizi ndani, kwa sababu maji ya nusu tangi hukimbilia upande wa nje kila kona. Maliza dumu moja ndipo ufungue jingine.

Upepo wa tairi pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Kwenye rasta, yaani barabara ya vumbi yenye mawimbi madogo, punguza kama robo na mwendo upungue pia. Ukirudi kwenye lami jaza kabla hujakimbia: tairi laini lenye mzigo hupinda mno ubavuni, linapata joto, linapasuka. Usilitoe upepo kwa sababu tu limepanda likiwa la moto. Likipoa utalikuta chini ya kiwango.

Hatari ninayoihofia kuliko zote ni ukingo wa lami. Lori linakuja, unasogea kushoto, magurudumu ya kushoto yanashuka kwenye changarawe. Ukivuta usukani kulia palepale, tairi linakwaruza ukingo bila kupanda, halafu linapanda kwa ghafla huku limekata kona, na gari linarushwa upande wa pili au linabiringika. Shika usukani unyooke, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu. Mwendo ukishapungua sana na barabara ikiwa wazi, tafuta sehemu ukingo ulipo mfupi, upande taratibu.

Mteremko mkali wa Kitonga, mkoani Iringa, Tanzania, ushuke kwa gia ndogo tangu juu. Breki zikichemka, pedali huzama.

Kilomita 50 za kwanza za rasta zikiisha, simama ukaze nati za magurudumu na boliti za hema. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma chake. Mstari ukikatika, nati imezunguka.