Mswada wangu ulikataliwa mara saba kabla sijaandika muhtasari

Riwaya yangu ya kwanza niliimaliza usiku wa manane, na kulipokucha nilikuwa nimeshaituma kwa wachapishaji wanne. Nilikuwa nimeikalia miaka mitatu, nikaona imetosha. Wawili walijibu kwa ufupi kwamba kazi haiendani na mpango wao, wawili hawakujibu kabisa. Nikatuma kwa watatu wengine mswada uleule na barua ileile, nikabadilisha jina la kampuni tu. Nako nikatoka kapa.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu mwaka ule niliupoteza bure, na naumia nikiona wengine wanaupoteza vilevile.

Mchapishaji wa nane alitaka vitu vitatu: barua ya ukurasa mmoja, sura tatu za mwanzo, na muhtasari wa hadithi nzima usiozidi ukurasa mmoja, pamoja na jinsi inavyoisha. Baadhi ya wale wa mwanzo nao walikuwa wameomba muhtasari, lakini mimi niliwatumia mswada mzima nikiamini wakiusoma wataona wenyewe. Safari hii nikasema nitii. Nilidhani ni kazi ya saa moja, ikanichukua siku tano.

Kila nikifika katikati nakwama. Binti anayemtafuta baba yake anaondoka nyumbani sura ya nne, anampata sura ya kumi na moja. Kati ya hapo na pale, nini kinamsukuma? Nikaandika "kisha", nikaandika "kisha" tena. Niliporudi kuzihesabu, zilikuwa "kisha" sita kwenye ukurasa mmoja, na "kwa hiyo" hakuna hata moja. Sura sita nzima zilikuwa matukio yaliyopanga foleni, hakuna lililozaa jingine. Miaka mitatu sikuliona hilo, na ukurasa mmoja ukanionyesha.

Sikutuma. Nilirudi kuandika kwa miezi minane. Sura mbili nilizifuta, mojawapo ile ya mafuriko niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ukiitoa hadithi haipungukiwi kitu. Nilisoma mswada wote kwa sauti, penseli mkononi. Pumzi ikinikatikia katikati ya sentensi naweka alama. Halafu niliwapa wasomaji wawili wasio ndugu zangu, nikawauliza swali moja tu: ulianza kuchoka ukurasa wa ngapi? Ukiuliza "umeipenda?" utajibiwa kwa adabu. Hawa wawili walinitajia kurasa zinazokaribiana, nami nikajua pa kuanzia.

Kuhusu kumpata mchapishaji anayekufaa, chukua vitabu vinavyofanana na chako, fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Hapo utaona nani amekichapisha, mwaka gani, na kama kimechapwa tena. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba watatu kati ya wale saba huchapisha vitabu vya kiada peke yake. Riwaya yangu isingeingia kwao hata ingekuwa nzuri namna gani. Mengine ni ya kufuata maelekezo tu: herufi za pointi 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba kwenye kila ukurasa, bila mapambo.

Nilipomaliza nikamtumia yule wa nane alivyoviomba. Katikati ya kungoja jibu lake nilipata barua ya kampuni moja iliyousifia mswada wangu siku mbili baada ya kuupokea, ikaniomba nilipie gharama ili wauchapishe. Nilitamani sana kukubali. Nashukuru sikukubali. Mchapishaji wa kawaida hutia fedha zake kwenye kitabu chako. Anayetaka zako anakuuzia huduma. Kujichapishia mwenyewe ni njia halali, naiheshimu, lakini ukiichagua basi mtafute mwenyewe mhariri na msanifu wa jalada, na nakala zote na haki zote zibaki mikononi mwako.

Nilikuwa pia na hofu ya kuibiwa. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi zimeuridhia, hakimiliki ni yako tangu unapoiandika kazi, bila kusubiri kusajili. Namba ya ISBN, ambayo tangu 2007 ina tarakimu 13, hukitambulisha kitabu sokoni. Haikupi wala haikunyimi hakimiliki.

Wa nane alinijibu baada ya miezi mitano, akataka sura zilizobaki. Baadaye ukaja mkataba wa kunilipa asilimia 10, na hapa naomba msiharakishe. Nilikuwa tayari kutia saini palepale, mkono unatetemeka kwa furaha. Rafiki aliyewahi kuchapisha aliniambia, "Asilimia 10 ya nini?" Kumbe ndilo swali lenyewe. Kitabu kikiuzwa 100, mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 ya bei ya jalada ni 10. Lakini kama muuzaji amepewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji hupokea 60, na asilimia 10 ya hiyo ni 6. Niliuliza, wakanieleza bila kinyongo. Nikaomba pia kiongezwe kifungu kwamba kitabu kikiisha sokoni na wasikichape tena kwa muda tuliokubaliana, haki zinirudie. Wakakubali. Haki za tafsiri na filamu nilizibakiza kwangu, kwani wao hawakuwa na mpango nazo.

Kuanzia saini hadi kitabu kutoka ilipita miezi kumi na minne. Mhariri alinirudishia mswada mara mbili, na mara zote alikuwa sahihi. Prufu, zile kurasa za kukaguliwa kabla kitabu hakijachapwa, zilipofika nilipewa wiki mbili kuzisoma. Nilianzia ukurasa wa mwisho nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, ili hadithi isinibebe. Mama wa yule binti aliitwa Sauma kwenye ukurasa wa 140, na kwenye ukurasa wa 12 aliitwa Saumu. Watu watano tulikuwa tumeshaupitia mswada ule. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaanza upya kutoka mwisho.