Dosye ya msichana wa Kadutu

"Yaya, niandike nini mu barua ya kuomba kazi na sijatumika fasi yoyote?" Mdogo wangu aliniuliza hivyo juzi, yuko anamaliza ISDR, chuo cha maendeleo ya vijijini. Swali lake lilinirudisha Ibanda, mjini Bukavu, mchana ule wa kufungua bahasha za waomba kazi.

Nilikuwa kwenye staji katika shirika lililotafuta watu wa kufanya ankete, yaani kuhoji watu kwa fomu, huko Walungu. Nilifungua, nikaandika jina kwenye daftari, nikakagua vipande vya dosye: barua yenye sahihi, sivi (CV), nakala ya diploma, kadi ya mpiga kura, kadi ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira. Wengi walianguka kabla hawajasomwa. Huyu hakuandika namba ya tangazo juu ya bahasha, na nafasi zilizotangazwa zilikuwa mbili. Yule barua yake ilielekezwa kwa shirika jingine kabisa, kwani sekretariati za mtaani, wanapochapa barua za watu, huweka barua moja kwenye mashine, kila mteja akija hubadilishwa jina tu. Ndiyo maana "mwenye bidii, mwenye kuvumilia" ilijirudia neno kwa neno chini ya majina tofauti.

Kisha ikaja ya msichana wa Kadutu, ukurasa mmoja wa Kifaransa. Juu kabisa aliandika nafasi na namba ya tangazo. Chini yake hapakuwa na sifa hata moja. Alieleza kwamba kwa ajili ya TFC yake, kazi ya utafiti ya kumaliza masomo, aliwahoji mama 60 wanaouza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni. Maswali aliyatoa kwenye Kifaransa akayaweka kwa Mashi na Kiswahili, akayajaribu kwanza kwa mama watano. Akaona wakiulizwa mapato ya mwezi wananyamaza, au wanataja namba ya kumridhisha tu. Akalibadilisha swali: jana uliuza mabakuli mangapi, na kila moja kwa bei gani? Kila fomu aliipitia palepale, kabla mama hajaondoka, maana fasi iliyobaki tupu hairudiwi kirahisi.

Mkuu wa wafanyakazi aliisoma, akairudia, akasema: "Huyu kazi hii ameishaifanya." Akaiweka peke yake pembeni.

Siku ya mtihani namba yake haikupatikana, na kwenye sivi aliweka hiyo moja tu. Profesa wake alimtaja kwa jina bila namba. Tulibandika orodha kwenye geti, hakutokea. Akaitwa aliyemfuata.

Kwa hiyo mwanafunzi yeyote anayeniletea dosye naanzia hapo: namba mbili za mitandao tofauti, maana mmoja ukikatika wa pili hushika. Namba ya mtu wa nyumbani iwekwe ikiwa huyo mtu ameambiwa. Profesa aombwe ruhusa, namba yake iandikwe. Ukipeleka kwa mkono, beba nakala ya barua upigiwe muhuri wa kupokelewa. Kwa barua-pepe, vipande vyote viwe PDF moja yenye jina lako. Na kazi za shule zihesabike: TFC, staji, hata kushika daftari la likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu), mradi ueleze ulichofanya na kilichokusumbua.

Aliyechukua nafasi ile alifanya ankete vizuri, siwezi kusema shirika lilipata hasara. Lakini fomu tulizopeleka Walungu zilikuwa na swali la mauzo ya jana. Lilitoka mu barua ya yule msichana, naye hakupata hata franka moja.