Simu ya Kihamba Ndani ya Kosta

Ilikuwa mwanzoni mwa Januari, majuma yale ambayo barabara ya Moshi kwenda Arusha hujaa watu wanaorudi kazini baada ya kula Krismasi nyumbani kwao migombani. Nilikuwa nimepanda Kosta katika stendi ya Moshi, nami nilifundisha somo la Uraia wakati huo, jambo ambalo nalitaja kwa sababu lina nafasi yake mbele. Safari yenyewe ni ya kilomita 80 hivi, lakini kwa namna Kosta zinavyosimama kila penye mtu aliyeinua mkono, muda unatosha kusikia habari za ukoo mzima.

Tulipopita Weruweru, simu ya bwana aliyeketi mbele yangu iliita. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, asiye na dalili yoyote ya ujuvi. Aliipokea, akaiweka spika, kisha akaishika mbele ya mdomo kama anayetaka kuuma kipande cha mkate. Sauti ya dada yake ikasikika hadi viti vya nyuma.

Dada huyo alizungumza kama mtu azungumzavyo na ndugu yake wa tumbo moja, bila kupima neno. Alianza na sukari ya mama yao, jinsi kidonda cha mguuni kilivyokuwa kikitoa harufu, na jinsi mama alivyokuwa akilia usiku akikataa kuogeshwa na mkwe. Kisha akafika kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga. Kaka yao mkubwa, alisema, alikwisha kupatana na mnunuzi wa kipande cha juu, pale penye makaburi, ilhali kila Mchaga anajua kwamba nyumba ya baba huachiwa kitinda mimba, na kitinda mimba alikuwa ndiye huyo huyo mwenye simu. Akamtaja mnunuzi kwa jina, akataja na bei. "Lakini kaka asijue kwamba nimekwambia mimi," akamalizia, na hapo nikaona konda akinyoosha mkono kupunguza sauti ya redio. Hakuipunguza kwa heshima. Alitaka kusikia vizuri.

Kilichonikera hakikuwa kelele. Ndani ya Kosta kuna kelele za kila aina, na mimi si mtu wa kudai ukimya wa msikitini garini. Nilimfikiria yule dada, ambaye kwa hakika alikuwa amejitenga na watu huko aliko ili aseme siri yake, asijue kwamba alikuwa akiisema mbele ya gari zima, ambamo huenda alikuwamo jirani yao. Ibara ya 16 ya Katiba yetu, niliyokuwa nikiwaandikia wanafunzi ubaoni, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya mawasiliano yake, ila sikuona namna ya kuisoma kwa sauti kabla ya kufika kituo cha Kwa Sadala.

Mama mmoja mtu mzima, aliyeketi ubavuni pa yule bwana, alipata namna. Aliinama kidogo kuelekea kwenye simu, akasema kwa upole na kwa sauti ya kutosha: "Hujambo, mwanangu? Pole sana kwa kuuguza. Sisi ni abiria wenzake, tunakusikia."

"Shikamoo, mama," dada akajibu upesi, maana malezi hutangulia mshtuko. Kimya kikapita. Kisha: "Wewe! Umeniweka spika? Uko garini?" Simu ikakatika.

Yule bwana hakukasirika. Alimweleza mama kwamba simu yake iliingia maji, spika ya sikioni ikafa, na bila ile kubwa hasikii kitu. Nilimwamini, kwa kuwa simu za namna hiyo ni nyingi mno, na ingawa mafundi wanaozitengeneza wamejaa mjini, fedha za Januari hazina nafasi ya fundi. "Sikukatazi spika, baba," mama akamjibu. "Hata mimi wajukuu wakinipigia huiweka, tukasalimiana wote. Ila ungemwambia mapema kwamba uko na watu, naye angejua la kusema na la kuacha."

Tukiwa tumeiacha Boma Ng'ombe nyuma, simu iliita tena. Niliweza kusoma kiooni: Kaka Mkubwa. Bwana aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza, ikaita tena, ikanyamaza, na nyuma yangu mtu mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba mnunuzi yule anamfahamu. Tulipofika Usa River, bwana akaomba kushushwa ili aongee pembeni, ingawa alikuwa amelipa hadi Arusha mjini. Alipodai arudishiwe nauli iliyobaki, konda alimwambia kwamba aliyekatisha safari ni yeye mwenyewe, akagonga bodi, tukaondoka.